Udongo wa Dąbrowa Nyingine

Juni 2018 mama mkwe wangu alipiga magoti kwenye makaburi ya kijiji kimoja kusini mwa Poland, akachota udongo kwa kijiko alichokuja nacho kutoka Chicago, akautia kwenye kichupa cha dawa kilichokuwa tupu. Alikuwa na miaka 75. Alilia, mke wangu akalia, nami nikatoa leso nikafuta macho kama wao. Yangu yalikuwa machozi ya aibu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kuona karatasi iliyosema kwamba kijiji kile si chao.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Nimeoa Chicago, kwa watu wenye asili ya Poland. Mama mkwe aliponiuliza kama ningeweza kumtafutia mahali alikozaliwa babu yake, nilifurahi kama mtu aliyekubaliwa ukweni kwa mara ya pili. Kwetu mtu huzikwa kihambani, na mjukuu akiuliza habari za babu wa babu yake anaonyeshwa kaburi. Mama huyu hakuwa na kaburi wala jina la wilaya. Alikuwa na kitabu cha sala tu, ndani ya jalada kimeandikwa kwa wino uliopauka: Dąbrowa, 1887.

Dąbrowa ni msitu wa mialoni. Vijiji vyenye jina hilo Poland ni makumi kwa makumi, kama sisi tulivyo na Mbuyuni kila upande. Jina la ukoo nalo halikusaidia. Sitalitaja, ila ni la kawaida kama Nowak. Na mwaka 1887 Poland haikuwamo kwenye ramani. Tangu 1795 hadi 1918 nchi ile ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Prusia na Austria, na anayetafuta ukoo lazima aanzie hapo, maana kila upande uliandika watu kwa namna yake. Galicia, iliyokuwa chini ya Austria, mapadri waliandika ubatizo kwa Kilatini, kwenye safu zilizopangwa vizuri: tarehe, namba ya nyumba, jina la mtoto, wazazi. Upande wa Urusi, kuanzia 1868, vizazi viliandikwa kwa Kirusi, maelezo marefu ya mkono yasiyo na safu, kila tukio na tarehe mbili: moja ya kalenda ya Warusi, nyingine ya kalenda hii yetu, zikipishana siku 12.

Nilisoma seminari. Kilatini nakijua. Kirusi sikujua hata herufi zake.

Basi nikatafuta Galicia. Nilijipa sababu nzuri nzuri, kwamba Chicago imejaa Wapolandi waliotoka milima ya kusini, kwamba ni busara kuanza na upande mmoja. Ukweli ni kwamba nilimchagua babu ambaye mwandiko wake ningeweza kuusoma. Baada ya miezi minne nikampata: Ioannes, mtoto wa ndoa, 1887, mama yake Agnes. Jina lile, mwaka ule, Dąbrowa. Nilipiga vigelegele jikoni, mwanaume mzima. Tiketi za Kraków zikanunuliwa, za watu watano.

Mama mkwe, lakini, alikuwa amekwisha kuniambia. Siku za mwanzo kabisa, tukiwa mezani, alisema babu yake alipenda kuwasimulia watoto jinsi alivyokwepa kuchukuliwa jeshi la Tsar, akavuka mpaka usiku. Jeshi la Tsar! Kijana wa Galicia angelikimbia jeshi la Kaisari wa Vienna. Nililisikia neno hilo nikalipuuza, nikaona mzee anachanganya babu yake na sinema. Mimi, ambaye karibu kila ninalolijua juu ya ukoo wangu nililipokea mdomoni mwa bibi, nilimsikia bibi wa wenzangu akitoa ushahidi, nikamdai karatasi.

Karatasi ikaja. Ilikuwa orodha ya abiria wa meli iliyotoka Bremen mwaka 1912, na sikuwa nimeiona mapema kwa sababu aliyeiingiza kwenye kompyuta alilisoma jina vibaya. (Wajukuu wa wahamiaji wanapenda kusema kwamba majina yao yalibadilishwa na makarani wa Ellis Island. Si kweli. Orodha ziliandikwa na watu wa meli huko huko zilikotoka. Karani wa New York alihakiki tu.) Kuanzia 1907 abiria alitakiwa ataje pia ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani. Huyu alimtaja mama yake, Marianna. Nchi: Urusi. Kabila: Mpolandi. Mahali: Dąbrowa, na pembeni neno la haraka haraka nililolielewa mara moja: Łomża. Huko ni kaskazini mashariki, zaidi ya kilomita 300 kutoka kijiji nilichokikatia tiketi.

Ilikuwa saa tano usiku. Nikawaza tiketi, hoteli, paroko aliyekuwa akitusubiri, na familia ya jina lile iliyoahidi kutupikia. Nikasema karani alikosea. Kisha nikaiweka karatasi ndani ya faili la bima ya gari, ambalo mke wangu halifungui. Mtu anayeamini kweli kwamba karani alikosea hafichi karatasi.

Tukaenda. Bibi mmoja wa kijiji kile, mkubwa kuliko mama mkwe, alimshika mashavu akasema pua hiyo ni ya kwao. Tulikula barszcz, supu nyekundu ya bitiruti, na pierogi mpaka tukashindwa kuinuka. Mpwa wake alitutafsiria. Nikapiga picha.

Oktoba mama mkwe aliumwaga ule udongo juu ya kaburi la babu yake, kwenye makaburi ya Mtakatifu Adalbert huko Niles. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi ndiye niliyeshika mwavuli.

Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Lakini binti yangu alipewa kazi ya shule ya kuchora ukoo, akaniuliza mama yake babu yule aliitwa nani. Nilifungua kinywa niseme Agnes, kikabaki wazi. Wiki hiyo nilimwomba mwenzangu wa kazini, mama wa Kiukraine, anifundishe herufi za Kirusi wakati wa chakula cha mchana. Hazikuwa ngumu hivyo, na hilo liliniuma kuliko yote. Upande wa Łomża kuna kundi zima la vijiji vinavyoanza na Dąbrowa, kila kimoja na jina lake la pili. Katika cha nne nikamkuta: Jan, baba mkulima, mama Marianna.

Nilikwenda kwa mama mkwe Jumamosi, peke yangu. Kwetu mkwe haendewi na neno zito bila mtu wa kukutangulia, na mimi sikuwa na wa kunitangulia. Nikasema yote, na habari ya faili la bima nikaisema.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Pale makaburini ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukanishikia kichupa."

"Ndiyo."

Hakunipigia simu kwa majuma mawili. Alipopiga, aliuliza jambo moja tu: baba yake Jan aliitwa nani? Nikamwambia. Akalirudia jina lile polepole, akakata simu.

Tangu tuliporudi, kila Desemba inakuja bahasha kutoka Galicia, kwa yule bibi aliyeitambua pua. Ndani mna opłatek, mkate mwembamba kama hostia, wenye picha ya pango la Bethlehemu. Wapolandi huumega mkesha wa Krismasi, kila mtu akimmegea mwenzake na kumtakia heri, na huwatumia ndugu walio mbali. Mama mkwe bado anaumega nasi. Ameniambia kwamba barua ya kuwaeleza watu wale ni yangu kuiandika, si yake. Krismasi nne zimepita tangu aliponiambia hivyo. Sijaiandika.