Mwani na Mkataba wa Mafuta

Ukishuka bandarini Unguja, ukapita Forodhani na Mkunazini, kisha ukashika njia ya Paje, utawakuta akina mama pwani maji yakipwa. Wameinama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kazi hiyo ilianza huko mwaka 1989, nayo imesomesha watoto wengi.

Mwaka 2016 Zanzibar ilipata sheria yake ya mafuta na gesi. Oktoba 2018 mkataba wa kitalu cha baharini cha Pemba-Zanzibar ulitiwa saini na kampuni ya RAK Gas.

Wapendwa, hatupingi maendeleo. Tunauliza tu: mafuta yakimwagika, nani atawalipa wenye mwani? Mkataba usomwe kwa Kiswahili katika kila shehia, mama akiwepo, kabla kisima hakijachimbwa.