Koili Moja Nusura Inivue Nguo Kilole

Jamani, kijana mwenye Altezza hana haja ya kujitambulisha mtaani. Muungurumo unatangulia, yeye anafuata. Salensa pana, muziki juu, kiti kimelazwa nyuma kama kitanda cha wagonjwa. Msinicheke, maana nami ni wa kundi hilo hilo.

Yangu ni RS200, silinda nne, lita mbili, gia sita za mkono. Toyota waliitoa mwaka 1998 na Wajapani wenyewe wakaipa tuzo ya gari la mwaka. Waliacha kuitengeneza mwaka 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote sasa ni mtu mzima. Lakini nani anaambiwa hayo akiwa na mapozi yake?

Basi bwana, mdogo wangu wa kike akapata mchumba, harusi ikapangwa kwetu Kilole, Korogwe, siku ya Jumamosi. Kwenye kamati nikapewa vyeo viwili. Cha kwanza, gari yangu ndiyo itakayombeba bibi harusi. Cha pili, mimi ndiye mhazini. Michango yote ya ndugu na marafiki wa Dar ilikuwa kwangu, ndani ya bahasha ya kaki.

Wiki mbili kabla ya safari gari ikaanza kumisi. Ukiiwasha asubuhi inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ukikanyaga mafuta inakohoa, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Nikaipeleka gereji moja mjini. Fundi akasikiliza dakika moja, akafunga boneti. "Koili zote nne zimekwisha. Andaa laki nne na nusu, bado ufundi."

Laki nne na nusu! Mfukoni nilikuwa na pesa ya suti mpya tu. Nikaondoka nayo hivyo hivyo, nikijipa moyo kwamba itafika.

Ilifika, lakini kwa aibu. Kupanda kilima kidogo tu inazidiwa na malori. Pale Segera nikasimama kunywa chai, na hapo ndipo shetani alipokaa kiti cha pili. Nikaivuta ile bahasha, nikahesabu laki nne na nusu, nikazitia mfuko wa shati. Nikajiambia nakopa tu, nitarudisha mwisho wa mwezi. Wezi wote wa kamati za harusi huanza na maneno hayo.

Alhamisi jioni nikaingia Kilole. Mjomba wangu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Huyu mzee ametumika miaka mingi kama fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge, kwenye korona, yale mashine ya kusaga majani ya katani. Sikio lake halidanganywi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiyo gari yako inatembelea miguu mitatu."

Nikamweleza habari za gereji, kwamba Ijumaa naagiza koili nne kutoka Dar.

"Nani aliyezipima?"

Nikakaa kimya.

"Na pesa ya koili nne unayo?"

"Ninayo, mjomba."

Akanitazama mfukoni, kisha usoni. "Ya nani?"

Msomaji, nimewahi kuulizwa maswali mengi na trafiki, lakini hilo lilinikausha mate. Sikujibu. Mzee naye hakurudia. Alinyanyuka, akaleta tochi, chaki na spana namba kumi. "Fungua boneti. Kwanza tumjue mgonjwa, ndipo tununue dawa."

Zamani, akaniambia, gari ilikuwa na koili moja tu, na distributa ikigawa moto kwa kila plagi. Siku hizi kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi kama kofia. Kazi ni ile ile: inachukua umeme wa betri, volti 12, inaupandisha mpaka zaidi ya elfu ishirini, ndipo cheche iruke kwenye plagi. Koili ikifa, silinda hiyo haichomi mafuta. Nyingine tatu zinamburuta maiti.

Tukaziandika namba kwa chaki, moja mpaka nne, kuanzia upande wa rejeta. Mtindo wake ulikuwa huu: zima injini, chomoa soketi ya waya ya koili moja, washa, sikiliza. Kama muungurumo umezidi kuharibika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Zima, rudisha, nenda ya pili. Usishike koili injini ikiwa inaunguruma, umeme wake si wa mchezo. Wala usiiache inguruma muda mrefu hivyo, maana petroli isiyoungua inakwenda kuunguza masega kwenye ekzosi.

Ya kwanza, gari ikazidi kutetemeka. Ya pili, vile vile. Ya tatu, kimya! Hakuna kilichobadilika. Ya nne, ikatetemeka.

Mimi nikaruka: "Koili ya tatu!"

"Tulia," akasema mzee. "Huenda ni plagi. Ihamishe."

Kila koili ina bolti moja tu. Nikafungua, nikaizungusha taratibu, nikaivuta, nikaibadilisha na ya kwanza. Tukapima tena. Safari hii silinda ya tatu inapiga kazi, iliyokufa ni ya kwanza. Ugonjwa umehama na koili! Ungebaki pale pale, tungegeukia plagi. Koili tatu nilizoambiwa zimekwisha zilikuwa nzima kabisa.

Kisha mzee akamulika tochi kwenye shimo la plagi ya tatu. Oili! Imetuama humo, na mpira wa koili umevimba kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki. Gasketi ya tapeti ilikuwa imechoka, ikivujisha oili kidogo kidogo. Yule fundi hakuiona, lakini nami niliyekuwa naosha rimu kila Jumapili sikuwahi kuinama nikaitazama. Kama ningefunga koili mpya nne na kuiacha gasketi, baada ya muda ningekuwa gereji tena nalia.

Usiku ule nikarudisha laki nne na nusu kwenye bahasha, nikahesabu mara mbili. Kisha nikampigia mshikaji wangu Dar, nikamtumia pesa ya suti kwa simu: koili moja halisi, gasketi na raba za mashimo ya plagi. Ijumaa asubuhi akazipakia basi la Arusha, mchana nikazipokea stendi ya Korogwe.

Tukafanya kazi injini ikiwa baridi. Kwanza tukakausha oili kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, isije ikatumbukia ndani ya silinda wakati wa kutoa plagi. Plagi nikaanza kuirudisha kwa vidole, spana baadaye, bila ubabe. Gasketi mpya, koili mpya, soketi ikalia "tik". Nikawasha. Gari ikatulia mpaka nikasikia kuku wa jirani.

Jumamosi bibi harusi akapanda. Njiani akaniuliza, "Kaka, mbona leo umetulia hivyo? Hata muziki hupigi?"

Nikamwambia nasikiliza injini.

Jioni nikasoma hesabu mbele ya kamati, shilingi kwa shilingi. Mjomba alikuwa meza ya mbele. Hakusema kitu, alitafuna pilau yake akinitazama.

Picha za harusi zimetoka. Bibi harusi anang'aa, Altezza inang'aa, na dereva amevaa koti la mjomba wake, mikono imeishia karibu na viwiko na linanuka dawa ya nondo. Kijiweni wamenicheka wiki nzima. Wacheke tu. Koti ni la kuazima, lakini bahasha niliikabidhi ikiwa kamili.