Herufi M Ina Maana Ngapi?

Mtafiti wa ushairi wa Kiswahili, apende asipende, huandika hisabati. Huhesabu mizani, hugawa mishororo, huoanisha vina, kisha huyaweka matokeo yake katika alama ambazo msomaji wa mbali atazifasiri peke yake. Ajabu ni kwamba aghalabu alama hizo tunaziteua kwa mazoea tu.

Tutazame tarbia. Baadhi yetu huandika mizani ya mshororo wake hivi: 8-8. Rafiki yangu anayesomea hisabati alipoiona alama hiyo kitabuni aliniuliza, kwa uso mkavu kabisa, shairi lenye mizani sufuri huimbwaje. Ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 1698 Leibniz alimwandikia Johann Bernoulli kuwa haipendi alama ya msalaba ya kuzidishia, kwa kuwa hukanganywa na herufi x. Yeye akapendelea nukta. Bingwa wa kimo hicho, naye alijishughulisha na nukta!

Kwangu suala hili si la urembo. Tasnifu yangu inahusu bembelezi za Kipokomo zinazoimbwa kwetu Hewani, ukingoni mwa Mto Tana. Lahani ya bembelezi moja ya Wapokomo ndiyo iliyozaa Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963, na kwa hivyo ina mlinzi. Nyingi ya hizi ninazozikusanya hazina mlinzi ila vinywa vya akina bibi. Atakayezisoma baadaye huenda asipate wa kumwimbia.

Basi nianze na M. Ni mizani, mshororo, au mstari? Isitoshe, katika neno "mto" herufi hiyo ni mizani kamili, ilhali katika "mwana" si mizani peke yake. Kuifanya kifupisho cha mizani ni kumtega msomaji mara mbili. Nimeamua kuandika kwa maneno: mizani 8 za ukwapi, mizani 8 za utao. Msimamizi wangu aliona ni kurefusha bure. Nilimjibu kwamba wino ni rahisi kuliko safari ya Garsen.

Pagumu zaidi ni pale bibi anapoivuta irabu. Kuiandika mara mbili hakufai, maana "kaa" tayari ni mizani mbili, na msomaji atahesabu mizani isiyokuwapo. Nimeweka kistari juu ya irabu inayovutwa, nikakieleza katika ukurasa wa kwanza kabla ya wimbo wowote, na sikitumii kwa kazi nyingine yoyote.

Kuna sehemu moja ambayo bibi hatamki neno. Huvumisha tu midomo iliyofumbwa hadi mtoto asinzie. Hapo nilijaribu alama tatu, nikazifuta zote. Sasa pameandikwa: "Hapa mwimbaji anavuma, midomo imefumbwa, kwa muda wa mshororo mmoja."