Sauti ya Madini Ardhini

Katika milango ya benki, ya maduka makubwa na ya afisi za serikali hapa Busia na kule Malaba, askari hupitisha kijiti cheusi mbavuni mwa kila aingiaye. Kijiti kikilia, mtu hutoa funguo au sarafu, akaenda zake. Hakuna aulizaye asili ya kijiti hicho. Mimi hukitazama kama mtu atazamavyo mjukuu wa rafiki yake wa zamani, kwa sababu nalimjua babu yake. Babu huyo alikuwa mzito, mkaidi na mwenye kelele nyingi, na hata leo ninamtamani.

Chombo cha kutambulia madini kina historia ndefu. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, mashuhuri kwa uvumbuzi wa simu, alitengeneza chombo cha umeme ili aitafute risasi iliyobaki mwilini. Risasi haikuonekana, moja ya sababu zilizotajwa ni nyaya za chuma zilizokuwamo katika kitanda cha mgonjwa. Miaka mingi baadaye Gerhard Fisher, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akishughulika na redio za kuongozea ndege, akaona kwamba madini huyapotosha mawimbi yake. Kutokana na kasoro hiyo akaunda chombo cha kutafutia madini, akapata hataza yake mwaka 1937. Katika Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, afisa wa jeshi la Poland aliyekuwa Uingereza, aliunda chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 14, nacho kilitumika El Alamein, nchini Misri, mwaka 1942. Vita vilipokwisha, vyombo vya jeshi visivyohitajiwa tena viliuzwa kwa raia. Ndipo watu wa kawaida huko Ulaya na Marekani walipoanza kutembea mashambani na pwani, wamevaa visikizi masikioni, wakitafuta sarafu na vifungo vya nguo za kale.

Mimi nilikutana na chombo cha ukoo huo nilipokuwa nikisomea ualimu. Katika kabati la vifaa vya sayansi chuoni kulikuwa na kimoja kilichoundwa kwa vipande vya redio kuukuu: mpini wa mti, duara la waya wa shaba lenye upana wa sahani, sanduku dogo la bati, na visikizi viwili. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza. Ndani ya sanduku mlikuwa na mtetemo mmoja wa umeme usiobadilika, na katika duara la waya mlikuwa na mtetemo wa pili. Tofauti ya mitetemo hiyo miwili ndiyo iliyosikika masikioni kama mvumo. Duara likikaribia madini, mtetemo wa pili hubadilika, na mvumo nao hupanda au hushuka. Shaba na fedha huupandisha upande mmoja. Mawe yenye chuma huuvuta upande wa pili.

Chombo hicho hakikujua zaidi ya hayo. Hakikusema kama kilichofichika ni msumari au ni mkufu, wala hakikutaja kina chake. Vyombo vya siku hizi vina kioo chenye tarakimu, na humwambia mtumiaji aina ya kitu kabla hajainama. Sividharau, maana vinaokoa muda mwingi. Lakini chombo cha kale kilimlazimisha mtu azoeze sikio lake, aende polepole, arudie mahali pale pale mara tatu, kisha apige magoti na kufukua kwa mkono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na chombo kile kilituinamisha sana.

Nilipoanza kufundisha karibu na Malaba, niliunda kingine mfano wake pamoja na wanafunzi wa chama cha sayansi. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu tuliupima uwanja wa shule. Wiki ya kwanza tulipata vizibo vya soda, misumari, na njiti za gurudumu la baiskeli. Wanafunzi wengine walikata tamaa. Niliwaomba wazitazame njiti hizo tena, kwa kuwa hapa petu baiskeli ilikuwa na historia yake: ndiyo iliyovusha watu na mizigo mpakani, na neno bodaboda lilizaliwa katika kazi hiyo.

Wiki ya tatu mvumo ulipanda juu, safi kama filimbi. Msichana mmoja alifukua, akatoa senti kumi ya mwaka 1952, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizolizunguka. Tuliisafisha kwa maji tu. Sarafu hiyo ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Fedha yake ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 1936 Unguja pia, mpaka kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake mwaka 1966. Wanafunzi wangu wamekua wakiwaona wabadilishaji fedha wamesimama mpakani na mabunda mikononi. Walishangaa kusikia kuwa senti kumi hii ingenunua kitu kile kile pande zote mbili za mto Malaba, pasipo kubadilishwa. Msichana yule aliuliza, “Mwalimu, kwa nini tuliacha?” Swali lake lilitushughulisha muhula mzima, nalo kwangu lina thamani kuliko sarafu yenyewe.

Mwishoni mwa mwaka tulisafiri kusini, tukapita Busia, tukafika Funyula katika nchi ya Wasamia. Huko chombo chetu kilishindwa kabisa. Kila tulipokiteremsha kilivuma bila kukoma, kwa kuwa vilima vya Samia vimejaa mawe ya chuma, na ardhi yenyewe ilikuwa ikijibu. Kijana mmoja aliokota shambani bonge jeusi lenye matundu, akataka kulitupa. Mzee mwenye shamba alimzuia.

“Babu, hiki ni nini?” kijana akauliza.

“Hayo ni mavi ya chuma, mjukuu wangu,” mzee akajibu.

Vijana walicheka. Mzee hakucheka. Alitueleza jinsi wahunzi wa Samia walivyoyeyusha mawe ya vilima vile kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa mbali kwa majirani, hata majembe ya kigeni yalipokuja yakaizima mioto hiyo. Takataka ya tanuri ndiyo iliyobaki kuwa shahidi. Kicheko kilikoma. Kijana alilirudisha bonge pale pale alipoliokota, kwa kuwa vitu kama hivyo hupoteza nusu ya habari yake vikiondolewa mahali pake.

Nayaandika haya kwa sababu tamaa nayo imejifunza kutumia vyombo hivi. Wapo wanaouziwa hadithi za rupia na dhahabu iliyofichwa na wakoloni, wakauza ng'ombe ili wanunue chombo, wakachimba usiku makaburi ya watu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yakataza mtu kuchimbua vitu vya kale bila kibali. Hata pasingekuwa na sheria, kaburi lina wenyewe. Tena tukumbuke kuwa sauti hii tuipendayo ilikuwa jambo la kufa na kupona kwa wengine. Nchini Uganda wateguaji waliisikiliza kwa miaka, hatua kwa hatua, mpaka mwaka 2012 nchi ilipotangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini.

Basi, kijana msomaji, ukipata redio mbovu na waya wa shaba, mwombe mwalimu wako akusaidie kuunda chombo hiki. Omba ruhusa kabla ya kukanyaga ardhi ya mtu. Ukisikia mvumo, fukua taratibu, kisha ufukie shimo. Na utakapotoa kitu, hata kama ni kizibo, usiulize kwanza bei yake. Uliza ni cha nani, na kilifikaje hapo.