Fungua Kitabu Kabla ya Kulipa

Nilipojua kusoma, kitabu cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha mapishi. Nilikiona mjini siku niliyokwenda kuuza karanga. Juu kilikuwa na picha ya keki. Nilitoa fedha ya debe zima la karanga. Sikukifungua.

Nyumbani nilianza kusoma. Kinasema pasha joko moto, nyuzi 180. Mimi napikia mafiga matatu. Kinasema tia siagi gramu 250. Mizani sina, na siagi dukani kwetu haipo. Nilitafuta mchicha, haumo. Nilitafuta dagaa, hawamo. Mume wangu akauliza, "Mama watoto, leo tunakula picha?" Nilikasirika, lakini alisema kweli.

Mara ya pili nilikuwa nimejifunza. Nilisimama mbele ya muuzaji, nikafungua kitabu katikati. Nilisoma chakula kimoja toka mwanzo hata mwisho. Vitu hivi ninavyo? Kipimo chake ni kikombe na kijiko? Maneno nayaelewa? Muuzaji alinuna. Mwache anune, fedha ni yako.

Kisha nilitafuta muhogo. Nawe fanya hivyo. Muhogo mchungu una sumu, na ukitayarishwa vibaya unaweza kuua. Mwandishi anayejua kazi yake atakueleza kuumenya, kuuloweka siku kadhaa, kumwaga maji na kuuanika mpaka ukauke. Asiyejua atasema chemsha tu. Tazama na maharage. Maharage mekundu yasiyoiva hutapisha na kuumiza tumbo. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke sana katika maji mengine mpaka yaive. Kama kitabu hakisemi hivyo, kirudishe mezani.

Kitabu nilichochagua ni chembamba, hakina picha ya rangi hata moja. Lakini kina uji wa mtoto. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amekonda tangu aache ziwa. Nilikuwa nampa uji mtupu, nikidhani shibe inatosha. Kitabu kilisema tia karanga zilizosagwa, na zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa ukungu ule una sumu. Karanga! Nilikuwa nazipeleka zote mjini.

Sasa nabakiza debe moja. Mwezi wa tatu, kliniki, mstari katika kadi ya mtoto ulianza kupanda.

Kile cha keki bado kipo. Watoto wanatazama picha.