Maua: Bomba Mgongoni, Jani Mdomoni

MSOMAJI, ukiambiwa leo ufunge safari kwenda Maua, usije ukajitia akilini bustani za waridi. Mji huu uko kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, mbele ya Kianjai na Kangeta ukitokea Meru mjini, na mmea unaoutawala ni miraa. Utaiona kando ya barabara, utaiona nyuma ya nyumba, na utaiona imepakiwa ndani ya pikapu zinazokimbia kuelekea Nairobi kana kwamba dereva anafukuzwa. Na kweli anafukuzwa na saa. Kathinoni, ile kemikali inayolipa jani hili nguvu zake, huanza kupungua mara tu linapochumwa. Baada ya siku mbili hivi, mnunuzi hulitazama kwa dharau.

Asubuhi niliyofika nilisikia mlio wa bomba la kunyunyizia kabla sijaona shamba lenyewe. Kijana mmoja, bomba mgongoni, alikuwa akiyaogesha majani ya miraa. Nilidhani ni dawa ya wadudu. "Hii ni chakula," akanijibu, "mbolea ya majani. Nikinyunyiza kiangazi hiki, machipukizi yanatoka upesi, na bei ya kiangazi unaijua mwenyewe."

Hesabu yake haikuwa mbaya. Tangu Uingereza ilipoipiga miraa marufuku mwezi wa Juni 2014, na baadaye Somalia ikaifungia mlango kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022, mkulima wa Igembe amejifunza kutoingoja kesho. Na mbolea ya majani si uongo wa wenye maduka. Jani hunywa chakula kupitia ngozi yake na vitundu vidogo mno, hata mmea wenye upungufu wa zinki au chuma ukapona haraka kuliko kungoja mizizi. Sharti unyunyize asubuhi mapema au jioni, maana jua la saa sita hukausha maji na kuacha chumvi inayounguza majani. Lakini kinachopita kwenye jani ni kidogo. Shibe ya mmea hutoka ardhini.

Sasa nikuulize, msomaji: mahindi yakinyunyiziwa, nani hula jani lake? Ng'ombe. Jani la miraa hutafunwa bichi, mara nyingi bila kuoshwa. Na bomba lile lile lililobeba chakula leo, jana lilibeba dawa ya wadudu. Kila dawa ya aina hiyo ina siku za kungoja kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Nilipomuuliza kijana wangu kuhusu siku hizo, alicheka, akasema mnunuzi yuko njiani.

Mzee mmoja jirani yake alinipokea kwa "Muga", akanionyesha miti yake ya zamani, ile waiitayo mbaine kwa jina la rika la kale. Mashina yamepinda na kuota kuvu, hata ukadhani ni mizee yenyewe imeketi barazani. "Mwanangu, hii haijaonja bomba," alisema. "Inakula samadi ya mbuzi tu." Sikumbishia.

Aliyenifundisha zaidi, hata hivyo, ni mkewe. Nyuma ya jiko ana mshubiri, ana rozimari, na safu ya miche ya mwiria, ule mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi ya wanaume na ambao tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Udongo wa miche hiyo aliuchota chini ya mwiria mkubwa. "Mtoto hulelewa na udongo wa mamaye," aliniambia. Sayansi iko upande wake: udongo huo una kuvu wanaoishi na mizizi, na kazi yao ni kuifuatia fosforasi mbali, mahali ambapo mzizi haufiki. Katika udongo mwekundu kama wa Nyambene, fosforasi hushikwa kwa nguvu na udongo wenyewe, kwa hivyo msaidizi wa namna hiyo ni mali. Hiyo ndiyo mbolea hai, na yeye hakuinunua.

Ya kununua ipo pia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, unga wenye bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani kwenye mizizi ya maharagwe. Haifanyi kazi kwenye miraa wala mshubiri. Lakini maharagwe yakipandwa katikati ya mistari, masalia yake yataulisha udongo wa wote. Usiichanganye tu na mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu, utawaua bakteria kabla hawajaanza kazi.

Mama huyo ana pipa lake vilevile. Hutia ndani gunia la samadi na majani ya tithonia, ule mmea wa maua ya manjano ulio kwenye nyua (basi kumbe Maua ina maua!). Hukoroga kila baada ya siku chache kwa wiki mbili, kisha huzimua kwa maji mpaka ifanane na chai nyepesi. Humwagia shinani, kamwe si juu ya majani, kwa kuwa samadi mbichi hubeba vijidudu vya tumbo. Mshubiri humpa kidogo mno, kwani ukizidisha maji huoza. Na rozimari? "Ukiishibisha sana inanenepa, harufu inapotea."

Nilipoaga, mzee alinifungia shurba moja kwa jani la mgomba. Pale stendi utingo aliitupia jicho, akauliza imetoka shamba gani. Nilipomwambia ni ya miti ya zamani, aliomba vijiti viwili.