Sholay ya Baba Mdogo

Habari ya kifo cha Dharmendra, mwigizaji wa filamu za Kihindi, niliipata Jumatatu usiku, tarehe 24 Novemba 2025, nikiwa ndani ya basi kutoka Kakamega kwenda Nairobi. Jirani yangu wa kiti ndiye aliyenionyesha simu yake: mzee wa miaka 89, na kando yake picha ya kijana mwenye kifua kipana, Veeru wa Sholay. Nilishtuka kama niliyefiwa na mtu wa ukoo. Lakini filamu yenyewe sikuwa nimeiona hata siku moja.

Niliijua kwa mdomo wa Baba Mdogo. Alikuwa mchukuzi wa magunia bandarini Kilindini tangu miaka ya sabini, na kila Desemba alirudi kwetu Malava na tende, kaseti za taarab za Juma Bhalo, na filamu kichwani. Hatukuwa na umeme. Tukishakula alisimama katikati ya sebule, taa ya chemni nyuma yake, akaanza palepale inapoanza Sholay: gari la moshi linaingia stesheni. Aliuiga mlio wake kwa mdomo, na kufunga breki kwa mdomo. Akifika kwa jambazi Gabbar Singh, alivua mshipi akauburuta polepole sakafuni, chuma chake kikikwaruza saruji, nasi watoto tulipandisha miguu kitini.

Jai na Veeru walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Jambo likiwa gumu, Jai hurusha sarafu, na kila mara hushinda, kwa sababu sarafu yake ina kichwa pande zote mbili. Baba Mdogo alijitengenezea ya kwake: shilingi mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, Rais akikutazama huku na huku. Kwake hadithi iliishia kwenye gari la moshi tena. Gabbar amekamatwa, Jai na Veeru wamekaa dirishani wakiondoka kijijini, na Jai anampa mwenzake ile sarafu aigeuze, acheke. Hapo tulipelekwa kulala.

Baba Mdogo alifariki nikiwa sekondari. Sarafu ilibaki kwangu. Mombasa nilikuwa nikiahirisha kwenda mwaka baada ya mwaka, mpaka nikapita miaka arobaini. Safari hii nilikuwa nimekwisha kata tiketi ya treni, na kusema kweli nilikuwa nakimbia pia vipaza sauti vya kampeni, maana Malava ilikuwa inapiga kura ya uchaguzi mdogo Alhamisi hiyo.

Treni iliondoka Nairobi saa mbili asubuhi ya Jumanne. Reli hii ya kisasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na penginepo unaiona kando yako ile kuukuu ya Mwingereza, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Tsavo nzima nilikaa dirishani. Tembo niliwaona mara moja tu, watano, wekundu kwa udongo wa kule. Kilichonishika zaidi ni joto lililonipokea Miritini mlango ulipofunguliwa: zito, lina chumvi. Baba Mdogo alikuwa akirudi nyumbani na joto hilo ndani ya nguo zake, nami miaka yote nilidhani ni harufu ya sabuni ya mjini.

Matatu ilituvusha Makupa, tukaingia kisiwani. Nikapanda tuktuk, nikamwuliza dereva kama zile senema bado zipo: Regal, Majestic, Naaz. Hayo ndiyo majina niliyokuwa nikiyasikia nyumbani. Alikuwa kijana, majina alikuwa ameyasikia kwa baba yake. Alipunguza mwendo mbele ya jengo moja lenye maduka chini na matangazo ya simu juu, akasema, "Hapa watu walikuwa wakipiga foleni mpaka barabarani." Nikashuka, nikasimama. Ndani, mahali ambapo pengine palikuwa na viti, palikuwa na marobota ya mitumba.

Ngome ya Yesu niliipita haraka. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tulifundishwa shuleni, na ukuta ule unastahili siku yake peke yake. Karibu nayo ni makaburi ya Wamazrui, alikozikwa Profesa Ali Mazrui mwaka 2014. Huyo naye nilimjua kwanza kwa filamu: mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1986 kuhusu urithi wa Waafrika, ambao mwalimu wetu wa historia alituonyesha kwa kanda ya vidio iliyokuwa ikikatikakatika. Mtoto wa Mombasa akiwaeleza walimwengu Afrika ni nini. Nilisimama nje ya ukuta nikamwombea rehema.

Kisha nikaingia Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, chini ya roshani za mbao na milango ya nakshi, nikapotea kama wanavyopotea wageni wote. Jioni ilinikuta mbele ya baraza moja. Wazee wanne, muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa mekundu chini yake. Nikaamkia. "Karibu mwanangu, keti," akasema mmoja mwenye kofia ya vito. "Watoka bara?" Nikasema Kakamega. Nikapewa kijikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata.

Mazungumzo yalikuwa ya Magarini, ambako nako kura zilikuwa zinapigwa Alhamisi hiyo hiyo, mara nani kapewa nini na chama gani. Wakageukia msiba wa mwanasiasa Raila Odinga, aliyefariki India tarehe 15 Oktoba. Bado walimtaja kwa sauti ya chini, na mmoja hakumtaja kwa jina kabisa, alisema "Baba" basi. Halafu mwenye kofia akasema, "India mwaka huu imetuliza. Tumempoteza Raila kule, juzi Asrani, yule mkuu wa jela wa Sholay, na jana Dharmendra."

Moyo ulinidunda. Nikawaeleza habari za Baba Mdogo. Wakachangamka, kila mmoja na filamu yake, na wimbo wake. Nilijifunza hapo jambo ambalo utotoni lilinichanganya. Niliposikia nyimbo za Kihindi redioni nilidhani Wahindi wamemwiga Juma Bhalo. Kumbe muziki ulitoka senema: mtu aliisikia tuni kwenye filamu, akaondoka nayo kichwani, washairi wa Mvita wakaitungia maneno ya Kiswahili, na Bhalo akaiimba mpaka ikawa yetu. Mzee mmoja aliimba ubeti mzima, mkono sikioni. Bhalo alifariki mwaka 2014. Pale barazani hakuna aliyemzungumzia kwa wakati uliopita.

Ndipo nikatoa sarafu. Mwenye kofia akaigeuza upande huu na huu karibu na makaa, akatabasamu, kisha uso ukambadilika. "Masikini Veeru," akasema. "Aliigundua Jai kishakufa."

"Jai alikufa?"

Wakanitazama wote wanne. "Mwanangu, Jai alipokufa senema nzima ililia. Wanaume wazima, makuli wa bandari, wakijifuta kwa mashati."

Basi Baba Mdogo alikuwa mmoja wao. Alilia Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka kwetu, na njiani akamfufua Jai ili sisi tulale.

Kijana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na simu alituongezea jingine. Hata Sholay waliyoiona wazee wale haikuwa kama ilivyotengenezwa. Mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu walikataa Thakur, polisi mstaafu aliyekatwa mikono na Gabbar, amwue Gabbar mwenyewe. Mwisho ukapigwa upya, polisi wakaja kumkamata. Ule wa kwanza ulikuwa umepangwa kuonyeshwa huko India tarehe 12 Desemba 2025, miaka 50 baadaye. Wazee walinyamaza kidogo. Mimi nilikuwa namfikiria Baba Mdogo. Serikali ilibadilisha mwisho kwa kuogopa raia, yeye aliubadilisha kwa kupenda watoto. Najua wa kwake ndio nitakaowasimulia wanangu.

Usiku ule, chumbani karibu na Kibokoni, feni ikizunguka juu yangu, niliitazama Sholay kwa simu, zaidi ya saa tatu, peke yangu. Jai alikufa kama walivyosema. Mwishoni Veeru ndiye anayepanda gari la moshi bila rafiki yake.

Dharmendra, aliyekuwa Veeru, ametangulia. Amitabh Bachchan, aliyekuwa Jai, alitimiza miaka 83 mwezi Oktoba 2025, na yu hai.